Uvimbe wa figo, na dawa ya CT scan haifai

SWALI: Baba yangu ana uvimbe kwenye figo. Anatakiwa CT scan ya kuchomwa dawa ili mishipa ionekane, lakini kisukari kimezichosha figo zake, tunaambiwa dawa itamdhuru. Je, kuna njia nyingine? Msomaji, Matamba, Makete.

JIBU: Njia zipo. Dawa hiyo ina ayodini na hutolewa mwilini na figo, ndiyo sababu ya tahadhari. Lakini ulizeni kiwango cha uchujaji wa figo zake: kikiwa 30 au zaidi, madaktari wengi siku hizi huendelea na kipimo.

Kikiwa chini ya hapo, muulizeni daktari anatafuta nini hasa. Saratani ya figo hunyonya damu nyingi, na wakati mwingine huota ndani ya vena ya figo ikapanda hadi vena kuu iendayo moyoni. Mpasuaji lazima alijue hilo kabla ya kushika kisu. Mara nyingi ultrasaundi ya Dopla huonyesha vena iliyozibwa, bila dawa yoyote.

Ninayoipenda zaidi kwa mgonjwa kama baba yako ni dawa ya viputo. Ni viputo vya gesi, vidogo kama chembe nyekundu za damu, vinavyochomwa mkononi huku daktari akitazama kwa ultrasaundi. Havitoki nje ya mishipa, hivyo anaiona damu ikiingia kwenye uvimbe saa ileile. Baada ya dakika 15 hivi gesi imeshatoka kwa pumzi. Figo hazina kazi ya kuitoa.

Njia nyingine ni MRI, ambayo dawa yake ni gadolini. Mwaka 2006 ilihusishwa na kukakamaa kwa ngozi kwa wenye figo zilizofeli. Aina zake zilizo imara zina hatari ndogo sana.

Ipo pia hewa ukaa, inayopitishwa kwa mrija kutoka kwenye kinena hadi ateri ya figo, kisha eksirei ikapigwa. Hewa hiyo nayo hutoka kwa mapafu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza radiolojia tiba ya namna hiyo ya mirija mwaka 2018 pamoja na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale. Waulizeni kama gesi hiyo wanaitumia.

Mkishuka Chimala kwenda kupimwa Mbeya, bebeni majibu ya karibuni ya kreatinini, kipimo cha damu cha figo, na dawa zake zote. Kama anameza metformin ya kisukari, semeni kabla hajalazwa kwenye mashine ya CT.