Taa ya Dainamo: Ukali wa Nuru na Upana Wake

Watu wanunuao taa ya baisikeli ya dainamo huuliza dukani swali moja tu: "Ni kali kadiri gani?" Swali hilo ni nusu ya maneno. Taa yaweza kuwa kali sana, na hata hivyo ikamwacha mwenye baisikeli mtaroni.

Dainamo ya kawaida hutoa umeme mdogo, wati 3 kwa volti 6. Taa zote mbili unazozilinganisha hulishwa kwa umeme huo huo; tofauti imo katika globu na katika kioo kirudishacho nuru. Kipimo kiandikwacho mara nyingi juu ya sanduku, yaani luksi, huonyesha mahali penye nuru kali kupita pote. Kipimo cha Ujerumani hutaka angalau luksi 10 katika umbali wa mita 10, na leo ziko taa za dainamo zitoazo luksi 100. Lakini fundi akiikusanya nuru katika doa jembamba, luksi hupanda ingawa nuru yenyewe haikuongezeka hata chembe. Kipimo cha nuru yote pamoja ni lumeni.

Jaribu hivi usiku. Simamisha baisikeli kwa stendi, mita 5 kutoka ukutani, na mwenzako azungushe pedali kwa mkono, mwendo ule ule kwa kila taa. Hapo ndipo wengi hukosea, maana taa ya pili huzungushwa na mkono uliokwisha choka! Chora kingo za nuru kwa chaki. Upana ukiwa mita 1 ukutani, katika mita 10 utakuwa mita 2. Na nuru hiyo, ikitandazwa mahali pakubwa mara 4, itabaki robo ya ukali wake. Utazame na ukingo wa juu: taa njema hukatika hapo kama mstari, isimpofushe ajaye.

Katika lami iliyonyoka, nuru nyembamba ifikayo mbali yafaa. Katika njia ya changarawe yenye kona, mimi ningechagua pana, hata ikiwa luksi zake ni chache. Kwa kuwa wewe wapinda kona na nuru nyembamba yaendelea moja kwa moja vichakani, na mtu atembeaye ukingoni humwoni mpaka umemfikia.

Ukiisha kuchagua, inamisha taa hata kiini cha nuru kiguse njia kama mita 10 mbele. Kagua pia kigurudumu cha dainamo kama chashika mpira sawasawa, maana mvua ikinyesha huteleza, na hapo taa zote mbili ni giza moja.