Kranki Inayocheza Katika Msumeno wa Moto

Wengi wetu twatumia msumeno wa moto kuangusha mikarafuu iliyokufa. Injini ikipoteza nguvu, twakimbilia kubadili pistoni na ringi. Nasi tulifanya hivyo, na pistoni mpya ikakamata kabla ya mwezi kwisha. Tukanunua ya pili. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kranki.

Basi kabla ya kutoa fedha, ondoa klachi na gurudumu la sumaku, shika ncha ya kranki, uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Hapo sili hazizibi tena, injini yavuta hewa ya wizi, mchanganyiko wa petroli na oili wawa haba, na pistoni yaungua. Konrodi ikienda kando kidogo si kitu, imeachiwa nafasi makusudi. Ikicheza juu na chini, tafuta kranki nyingine.

Beringi mpya zisigongelewe. Pasha kasha moto, zitaingia kwa urahisi. Kranki nayo isipigwe nyundo ya chuma, kwani ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja, na vikihama si kazi ya fundi wa kijijini kuvirudisha. Ukishafunga, ikizunguka kwa uzito, igonge ncha zake taratibu kwa nyundo ya mpira, huku na huku, mpaka izunguke kwa vidole. Sili ziwe mpya, hata kama za zamani zaonekana nzima.

Oili fuata kitabu cha mashine. Nyingi zataka mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Beringi hizo hazina oili nyingine.