Mausi inavyofanya kazi ndani (soma kabla hujarudishiwa mzigo)

Wapambanaji wenzangu, leo tuifungue mausi. Faida yake ni ndogo, unajua mwenyewe. Ikirudishwa moja tu, hela ya bodaboda kwenda na kurudi imekula faida ya nyingine kadhaa. Na nyingi zinazorudi wala hazijafa.

Igeuze tumbo juu. Kwenye lile tundu kuna taa ndogo ya LED inayomulika meza kwa ubavu, na nyuma ya lenzi ya plastiki kuna sensa. Sensa hiyo kiukweli ni kamera. Kamera ya hovyo kabisa, kwenye mausi za kawaida picha yake ni kama pikseli 30 kwa 30 au chini ya hapo, huwezi kupigia hata bidhaa ya kuposti 😂. Ila inapiga picha zaidi ya 1,000 kwa sekunde moja! Chipu inalinganisha kila picha na iliyotangulia: vijidoa na mikwaruzo ya meza vimesogea upande gani, kiasi gani? Jibu ndilo linalosogeza mshale kwenye skrini.

Sasa mteja akikuandikia "dada mausi yako mbovu, mshale unarukaruka", usikimbilie kurudisha hela. Muulize anaitumia juu ya nini. Kioo safi hakina vijidoa, kwa hiyo sensa haina cha kulinganisha. Mwambie aweke karatasi chini yake ajaribu. Pia achungulie tundu, unywele mmoja tu ukikwama pale ni shida.

Mwingine atasema taa haiwaki. Kuna mausi zinatumia infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Kama mshale unatembea, mausi ni nzima.

Halafu hii ya kuandika "DPI kubwa = ubora" kwenye tangazo, mimi siipendi. DPI 1,000 maana yake ukiisogeza inchi moja (sentimita 2.54) inahesabu hatua 1,000. Namba ikipanda mshale unakimbia zaidi, basi. Mtu wa kuchapa barua stationeri hata hauhitaji huo mbio.

Ubovu wa kweli uko kwenye vitufe. Chini ya kila kitufe kuna swichi yenye kibati chembamba kinachojipinda na kurudi, ndiyo ule mlio wa "tik". Kikichoka, unabofya mara moja kompyuta inasoma mara mbili. Hiyo mbadilishie mteja bila kubishana. Mimi kabla ya kufunga mzigo nabofya folda mojamoja taratibu kama mara 20. Ikifunguka yenyewe wakati nimebofya mara moja, haitoki dukani.

Na kwa zisizo na waya, kile kidude cha USB mara nyingi kimefichwa kwenye chumba cha betri. Andika kwa maka peni juu ya boksi: FUNGUA SEHEMU YA BETRI.