Mbunge Yuko Dodoma, Sisi Tumempa Nini cha Kusema?



Kila mwaka Bunge la Bajeti huanza mwezi Aprili na kumalizika Juni. Siku hizo redio vijijini hufunguliwa sauti. Watu hukaa barazani wakisubiri kumsikia mbunge wao. Asiposikika, hununa: "Huyu kalala tu huko. Tulimchagua wa nini?"

Huenda kweli kalala. Lakini sisi tunauliza swali la pili. Alipoondoka hapa kwetu, tulimpa nini mkononi cha kwenda kusema?

Leo tujifunze kazi ya mbunge, na kazi yetu sisi tuliomtuma.

KAZI YA MBUNGE

Watu wengi hudhani mbunge mzuri ni yule mwenye mkono mwepesi. Kuna msiba, atoe sanda. Kuna harusi, atoe mchele. Wakati wa kura alete kofia na kanga. Kusaidiana ni jambo jema, lakini hiyo siyo kazi tuliyomtuma.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 63, inasema kwamba Bunge lina madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Basi kazi za mbunge wetu ni hizi:

Kwanza, anauliza maswali. Waziri anapaswa kumjibu. Akishajibiwa, anaweza kuomba kuuliza maswali ya nyongeza.

Pili, anajadili na kupitisha bajeti, yaani matumizi ya fedha za Serikali kwa mwaka unaoanza tarehe 1 Julai.

Tatu, anatunga sheria. Msidhani sheria ni mambo ya mbali. Mwezi Julai 2021 watu walianza kukatwa tozo wanapotuma au kutoa pesa kwa simu. Tozo ile haikushuka kutoka mbinguni. Ilitokana na sheria iliyopitishwa bungeni mwezi Juni mwaka huohuo. Watu walilalamika nchi nzima. Septemba 2021 Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Mnaona? Sauti ya watu ilifika.

Nne, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani katika halmashauri yake. Vilevile ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha za mfuko huo ni za umma, za kuchochea miradi ya wananchi. Siyo fedha zake za mfukoni. Kwa hiyo akileta mabati ya darasa kutoka mfuko huo, tumshukuru kwa kusimamia vema, lakini tujue kwamba mabati ni yetu.

ASICHOWEZA KUFANYA

Mbunge hachongi barabara wala hachimbi kisima. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanza mwaka 2019. Kazi ya mbunge ni kuwauliza wahusika: kwa nini halijafanyika, na litafanyika lini? Na anayeuliza lazima awe na habari kamili.

MFANO WA PAMPU

Tuchukue mfano. Katika kijiji fulani pampu ya maji imeharibika. Akina mama wanaamka saa kumi alfajiri kwenda mtoni. Watoto wanachelewa shule. Mbunge anapita, watu wanapiga makofi, mzee mmoja anasimama: "Mheshimiwa, hapa shida yetu ni maji." Mheshimiwa anajibu, "Nimesikia." Anapanda gari, anakwenda zake.

Je, kasikia nini? Kila kijiji alichopita wamemwambia vilevile. Akifika Dodoma atasema, "Jimboni kwangu maji ni shida." Naye Waziri atajibu kwamba Serikali inalifahamu tatizo na inaendelea kulifanyia kazi. Basi, yamekwisha.

Sasa tuseme kijiji kilimpa barua yenye maneno haya:

"Pampu ya kitongoji cha juu iliacha kufanya kazi tarehe 3 Februari. Kaya 140 zinachota maji mtoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu. Tarehe 10 Februari mtendaji wa kijiji aliwaandikia RUWASA wilayani. Nakala ya barua tunaambatisha. Hatujapata jibu. Tunaomba kujua fundi atakuja lini."

Hapo mbunge ana cha kushika. Anaweza kwenda kwa meneja wa maji wilayani kabla hata ya kufika bungeni. Akifika bungeni, jibu la juu juu halitamtosha, wala sisi halitatutosha.

KAZI YETU

Tulipojifunza kusoma na kuandika, hatukujifunza ili tuandike majina yetu tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ahadi ni hivyohivyo.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Jambo lijadiliwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, nalo liandikwe kwenye muhtasari. Lisiwe la mtu mmoja na jirani yake.

2. Tuandike ni jambo gani, lilianza lini, linawagusa watu wangapi, nani amekwisha kuambiwa, na tunaomba nini.

3. Tumpe diwani nakala. Mengine yatamalizikia halmashauri, hayana haja ya kufika Dodoma.

4. Tuwahi. Barua ya kutaka fedha ikifika mwezi Juni, bajeti imekwisha kupikwa.

5. Jibu likija, lisomwe mkutanoni na liandikwe pamoja na tarehe. Maneno ya bungeni hupigwa chapa katika Taarifa Rasmi, nazo zimo katika intaneti. Kijana mwenye simu anaweza kututafutia.

6. Mbunge akirudi, tumfungulie daftari: "Mheshimiwa, tarehe fulani uliahidi hivi. Imefikia wapi?"

Wengine wanaogopa. Ati kumuuliza mkubwa ni kukosa adabu. Hapana, ndugu zetu. Mtu uliyemtuma dukani akirudi, unamuuliza chenji. Huo siyo utovu wa adabu, ni hesabu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja kazi tatu za mbunge.
2. Ni tatizo gani kijijini kwetu linalosemwa kila mwaka, lakini halijaandikwa?
3. Kila mmoja aandike barua fupi juu ya tatizo hilo. Someaneni, kisha chagueni iliyo wazi kuliko zote mwipeleke mkutanoni.