Pori limo chini ya miguu yako

Nilipopata kipande cha pori huku Mokambo, kilichokatwa karibu chote kwa ajili ya makala, yaani makaa ya miti, nilikimbilia kununua miche ya mikaratusi. Mzee mmoja aliyechoma makala maisha yake yote alinitazama nikichimba mashimo, akacheka. Akaniita kwenye visiki vya miti ya mutondo na muputu: kila kimoja kilikuwa na machipukizi zaidi ya kumi. "Mwanangu, pori lipo. Ni weye unalikanyaga."

Tangu siku ile jembe limekaa nyumbani. Machipukizi nayaacha msimu mmoja wa mvua, wa pili ndipo napunguza: yanabaki mawili au matatu kwa kisiki, yale yaliyotokea chini karibu na udongo, kwa sababu ya juu hupasuka upepo ukivuma. Ninayokata huwa miti ya kuegemeza maharage.

Miche ya mbegu ni kazi ya macho. Muputu mchanga hukaa miaka ukiwa na urefu wa kiganja, kiangazi unakauka kama umekufa, kumbe unashusha mzizi. Naichomekea vijiti nisiipitie na panga. Maganda ya mbegu hupasuka kwa kishindo wakati wa joto, lakini mbegu haziendi mbali, tena hazikai ardhini miaka zikingoja. Basi miti mama michache haiguswi, hata mnunuzi wa makala akipandisha bei.

Lakini haya yote ni bure ukishindwa na moto. Ng'ambo ya mpaka, kule Ndola, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 kuchoma vipande vya miombo, pori kama hili letu, kwa nyakati tofauti. Kilichochomwa kila mwisho wa kiangazi kiligeuka karibu nyasi tupu. Kilichochomwa mapema kilibaki pori. Kwa hiyo mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na ubichi, nachoma ukanda kuzunguka pori, jioni upepo ukitulia, na majirani wakiwa na matawi mabichi mkononi. Moto wa wawindaji ukija mwezi wa tisa, unakuta hakuna cha kula.

Nikihitaji kuni, nakata mti mmoja hapa, mwingine kule, kabla majani mapya mekundu hayajatoka, na kisiki nakikata mshazari maji yasituame. Tanuru ya makala inarudi palepale pa zamani, maana udongo uliopikwa hauchipui upesi.

Mikaratusi imebaki mitatu kando ya barabara. Nafungia mbuzi.