Uvimbe Usiouma
Kwa mama wa Katindo, Goma, na watu wa nyumbani kwake

Mama akigusa uvimbe kwenye titi, swali lake la kwanza huwa: unauma? Usipouma, anauacha. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mara nyingi kansere ya titi huanza bila maumivu yoyote. Mama anaendelea kubeba bidoni za maji na kuuza sokoni, huku ugonjwa ukielekea kwapani.

Jipapase kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, matiti yakiwa yamelegea. Kama hedhi imekoma, chagua tarehe moja. Kwanza tazama: ngozi imebonyea, au imekuwa kama ganda la chungwa? Chuchu imeingia ndani, au inatoa damu? Kisha laza vidole vitatu, uvizungushe polepole kwenye titi lote hadi kwapani. Ukizoea titi lako, jambo geni utalitambua.

Lakini kujipapasa peke yake hakuokoi. Kule Shanghai, China, wanawake zaidi ya 266,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo vya kansere ya titi kati ya waliofundishwa kujipapasa havikuwa vichache kuliko vya wenzao wasiofundishwa. Kinachookoa ni kuuonyesha uvimbe mapema na kutibiwa. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa ajue ana nini ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni. Na tulia, mama: vivimbe vingi si kansere.

Tunajua kinachowazuia wengi. “Watanikata titi, bwana ataniacha.” Wengine wanasema wamelogwa, au kwamba ni zile pesa wanazoficha kwenye sidiria. Noti hazileti kansere, na kansere haiambukizi. Pombe huongeza hatari, kunyonyesha huipunguza. Chumba cha maombi nenda, omba kwa moyo wote, lakini usingoje mfungo uishe ndipo umwone daktari.

Baba, hili ni lako pia. Mkeo akikuambia ameona uvimbe, tafuta nauli siku hiyohiyo. Wanaume nao hupata kansere hii, ingawa ni wachache sana.

Kituoni, eleza uvimbe uliuona lini, umekua kiasi gani, na kama mama au dada yako aliwahi kuugua hivyo. Ukiambiwa urudi baada ya hedhi nyingine, rudi. Uvimbe ukiwa bado upo, omba barua ya kupelekwa hospitali kubwa, kama Hospitali ya Jimbo au HEAL Africa, zote ziko hapahapa Goma.