Miaka Uliyokaa Nyumbani, Itaje

Mdogo wangu wa Urambo, barua yako nimeisoma mara mbili. Uliacha shule kidato cha tatu kwa ujauzito, ukajifungua, kisha miaka yote hii ukawa na mama yako kwenye tumbaku. Sasa unaomba nafasi chuo cha maendeleo ya wananchi, na shoga yako anakushauri uandike kwamba ulikuwa mgonjwa. Usimsikilize.

Matokeo yako ya kidato cha pili yana mwaka. Mkuu wa chuo akiyatazama atajua umekaa nje muda gani, atauliza, na ukitaja ugonjwa ataomba vyeti vya hospitali. Utavitoa wapi? Tena huna hatia ya kuficha. Kulikuwa na wakati aliyepata mimba alifungiwa mlango kabisa, nami hilo liliniuma sana. Lakini Novemba 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2, na mabinti wakaruhusiwa kurudi hata katika shule za kawaida.

Andika hivi: "Niliacha masomo nikiwa kidato cha tatu kwa sababu ya ujauzito. Tangu hapo nimelea mtoto na kufanya kazi ya shamba. Sasa mtoto anabaki na bibi yake, nami niko tayari kusoma." Taja na mwaka. Basi. Baba wa mtoto ni nani, mlikosana vipi, hayo hayamhusu msomaji wa barua. Sentensi ya mwisho ndiyo nzito, kwa sababu anachotaka kujua ni kama utaacha tena msimu wa mabani ya kukaushia tumbaku ukifika. Kwa hiyo kubaliana na mama kwanza, ndipo uandike.

Nawe kaka wa Kaliua uliyeishia darasa la saba kwa kukosa pesa za sare na madaftari, sema hivyohivyo bila aibu. Njia yako ya kufikia kidato cha nne inapita kwenye Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT.

Mnaogopa kuonekana wakubwa darasani? Mwalimu Nyerere, aliyekuja kusoma hapa Tabora mwaka 1937, alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 12 hivi.

Mdogo wangu, andika wiki hii. Ambatisha cheti cha kuzaliwa na matokeo yako, uipeleke barua mwenyewe, na ukiulizwa, jibu yaleyale uliyoyaandika.